Kupima unasaji wa elektroni kwenye bismuthi-207, hatua kwa hatua

Kiini cha atomi kikitoa alfa au beta, kuna chembe inayotoka nje na unaweza kuihesabu. Unasaji wa elektroni ni kinyume chake. Kiini kinavuta ndani elektroni moja ya atomi yake chenyewe, protoni inageuka nyutroni, na kinachotoka papo hapo ni nyutrino, ambayo itapita kwenye kigunduzi chako, kwenye sakafu na kwenye dunia nzima bila hata kubisha hodi. Tukio lenyewe hulioni. Unachoweza kupima ni pengo lililobaki pale elektroni ilipokuwa.

Mara nyingi pengo hilo huwa kwenye ganda la ndani kabisa, ganda K. Elektroni ya ganda la juu hushuka kuliziba, na atomi hutoa eksirei. Ushahidi uko hapo: eksirei hiyo ni ya elementi binti (inayopatikana baada ya uozo), si ya mzazi (iliyokuwepo kabla), kwa sababu protoni imeshapungua kabla pengo halijazibwa. Luis Alvarez aliifuata alama hiyo kule Berkeley mwaka 1937. Kwenye vanadi nururifu alitafuta eksirei za titani, akazipata, miaka mitatu baada ya Gian Carlo Wick kuandika kwamba jambo kama hilo linawezekana.

Viini vizito vina nafuu yake na mtego wake. Kwenye elementi nyepesi, pengo la K huishia zaidi kutoa elektroni za Auger (elektroni nyingine za atomi zinazorushwa nje badala ya eksirei), na eksirei chache zinazotoka ni dhaifu kiasi cha kumezwa na hewa. Kwenye risasi, karibu mapengo 96 kati ya 100 ya ganda K hutoa eksirei, nazo zina nishati ya keV 70 hadi 90 (keV, kilo-elektronivolti, ni kipimo cha nishati), zinapenya plastiki ya chanzo na dirisha la kigunduzi bila shida. Hiyo ndiyo nafuu. Mtego utaukuta hatua ya 3, na umeshawaaibisha wengi, mimi nikiwemo.

Utahitaji kigunduzi cha gerimani safi chenye kupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika (cha pili kitahitajika hatua ya 7 tu), kichanganuzi cha chaneli nyingi (hupanga kila mwale kwenye chaneli kulingana na nishati yake, na nishati zinazojirudia huinuka kama vilele), ngao ya matofali ya risasi, vyanzo vya kalibresheni vyenye cheti, na chanzo cha bismuthi-207. Kigunduzi cha iodidi ya sodiamu hakitoshi. Kitakuonyesha kwamba kuna kitu karibu na keV 75, lakini hakitakuambia ni kitu gani.

Hatua ya 1: Soma ramani ya uozo kabla ya kugusa swichi

Bismuthi-207 ina nusumaisha (muda wa nusu ya viini kuoza) ya karibu miaka 32 na huoza kuwa risasi-207. Karibu uozo wote ni kwa kunasa elektroni; positroni (elektroni yenye chaji chanya) hutokea mara 12 hivi tu katika viini 100,000. Nishati iliyopo kati ya mzazi na binti ni keV 2,397, lakini kiini hakishuki hadi chini kwa mruko mmoja. Huangukia kwanza kwenye moja ya ngazi tatu za nishati za risasi-207:

- ngazi ya keV 2,340, viini karibu 7 katika 100;
- ngazi ya keV 1,633, karibu 84;
- ngazi ya keV 570, karibu 9.

Kutoka ngazi ya juu kiini hutoa gama (mwale kama eksirei, ila hutoka kwenye kiini chenyewe) ya keV 1,770.2 (6.9 kwa kila viini 100). Kutoka ile ya kati hutoa gama ya keV 1,063.7 (74.6). Zote mbili huishia kwenye ngazi ya keV 570, na kutoka hapo hutoka gama ya keV 569.7 (97.8).

Umeona kwamba viini 84 vinafika ngazi ya kati ilhali gama ni 74.6 tu? Zile 9 na ushee hazijapotea. Kiini kimetoa nishati yake kwa kuirusha nje elektroni ya atomi badala ya kutoa gama, na hizo ndizo elektroni za konvesheni. Kumbuka jambo hilo, kwa maana elektroni ya konvesheni nayo huacha pengo kwenye ganda K, na pengo lake linatoa eksirei zilezile za risasi. Kwa hiyo si kila eksirei utakayoihesabu imetoka kwenye unasaji.

Chora ramani hiyo kwa mkono kwenye daftari, kisha zungushia duara vitu viwili. Cha kwanza: unasaji unaoishia ngazi ya keV 2,340 una akiba ya keV 57 tu (2,397 kutoa 2,340), na kung'oa elektroni ya ganda K la risasi kunagharimu keV 88. Fedha haitoshi. Unasaji huo unalazimika kuchukua elektroni za ganda linalofuata, L, au za juu zaidi. Cha pili: ngazi ya keV 1,633 haiachii gama yake mara moja. Ina nusumaisha yake yenyewe ya sekunde 0.8, muda ambao kwa vifaa vyetu ni kama umri mzima. Duara hizi mbili zitakuwa na kazi kubwa hatua ya 7.

Hatua ya 2: Kibali na mikono

Chanzo cha maabara cha kilobekereli 37 hivi kinatosha kwa kila kitu kilichomo humu. Hata kwa kiasi hicho, kukiagiza, kukihifadhi na kukisafirisha kunahitaji idhini: Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Anza makaratasi mapema.

Angalia chanzo chako ni cha aina gani. Vipo vilivyozibwa ndani ya kidonge cha plastiki, na vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupimia elektroni, ambapo bismuthi iko katikati ya tandu mbili nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Hiki cha pili ndicho kitamu kwa kazi yetu kwa sababu hakizuii eksirei, lakini kidole kimoja kikigusa katikati, umepasua chanzo na umechafua meza, na siku yako imeisha. Shika pembeni kwa koleo. Chakula na simu vibaki nje.

Hatua ya 3: Jenga ngao isiyokudanganya

Huu ndio mtego. Binti wa bismuthi-207 ni risasi. Ngao yako pia ni risasi. Gama ikigonga tofali la ngao, inaweza kung'oa elektroni ya ganda K la risasi ya tofali, na tofali litatoa eksirei za keV 72.8 na 75.0, sawasawa na zile unazozitafuta. Kigunduzi hakina njia ya kuzitofautisha, kwa maana hazina tofauti yoyote.

Mara ya kwanza nilipofanya kipimo hiki nilimwita mwenzangu aje aone vilele vya eksirei vilivyosimama vizuri kwenye skrini. Akatazama, akauliza chanzo kiko wapi. Kilikuwa bado kabatini. Nilikuwa nimekusanya eksirei za matofali usiku kucha, na nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti.

Dawa yake ni kuvika ngao nguo za ndani. Kwa mpangilio wa kutoka nje kuja ndani: risasi sentimita 5 hadi 10, kisha tabaka la kadimi au bati la milimita 1, kisha shaba ya milimita 1 hadi 2. (Bati ninalosema ni ile metali ya kulehemia, si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki.) Bati humeza eksirei za risasi, nalo likitoa eksirei zake za keV 25, shaba huzimeza. Za shaba zina keV 8 tu, hazikusumbui. Ukibadilisha mpangilio, shaba ikatangulia na bati likabaki ndani, umejiwekea mwanga mwingine mbele ya kigunduzi.

Ngao pia iwe pana. Ukuta ulio mbali na chanzo hupata gama chache na eksirei zake hufika kwenye kigunduzi zikiwa chache zaidi. Chumba cha ndani cha sentimita 30 kwa 30 ni kizuri kuliko kile cha kubana.

Kuna udanganyifu wa pili, mdogo, ambao wapimaji wa sampuli za mazingira wanaujua. Nyutroni zinazotokana na miale ya anga hugonga risasi-207 iliyomo kwenye matofali na kuipandisha hadi ngazi ileile ya keV 570, nayo ikishuka hutoa gama ya keV 569.7. Kwa chanzo cha kilobekereli 37 huioni. Kwa anayetafuta bismuthi-207 kwenye udongo, kilele hicho kidogo kinaweza kumfanya atangaze uchafuzi usiokuwepo.

Hatua ya 4: Kalibresheni, hasa upande wa chini

Jaza naitrojeni, subiri kigunduzi kipoe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu chake, ndipo upandishe volteji polepole. Kupandisha volteji kigunduzi kikiwa na joto ni kukiua.

Kwa nishati, weka amerisi-241 (keV 59.54), kadimi-109 (88.03), kobalti-57 (122.06), sizi-137 (661.7) na kobalti-60 (1,173.2 na 1,332.5). Kadimi-109 na kobalti-57 nazo huoza kwa kunasa elektroni, kwa hiyo hata vipimio vyetu ni ndugu wa tunachokipima. Rekebisha ukuzaji wa ishara ili keV 2,700 iingie kwenye skrini, na tumia angalau chaneli 8,192. Chini ya hapo vilele vya eksirei vitakuwa na chaneli mbili tatu tu kila kimoja.

Kwa ufanisi (sehemu ya miale ya chanzo ambayo kigunduzi kinaihesabu), kazi yote iko kati ya keV 60 na 122. Juu ya keV 200 mstari wa ufanisi hushuka kwa utaratibu na hausumbui. Chini ya keV 120 hupinda ghafla, kwa kuwa tabaka mfu la mbele ya fuwele, kifuniko cha alumini na plastiki ya chanzo vyote vinaanza kumeza miale. Eksirei zetu zimekaa juu ya kona hiyo hasa. Kosa la asilimia 5 hapa ni kosa la asilimia 5 kwenye jibu la mwisho, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Ndiyo maana nasisitiza kadimi-109: keV 88.03 yake iko hatua moja tu kutoka eksirei za risasi. Bariamu-133 inavutia kwa keV 81 yake, lakini chini ya kilele hicho kuna kingine cha keV 79.6 kilichojificha, achana nayo.

Soma tarehe kwenye vyeti. Kobalti-57 ina nusumaisha ya siku 272, hivyo chanzo cha miaka mitatu kimebakiwa na karibu moja ya kumi na sita ya nguvu yake ya mwanzo. Nimewahi kuona mtu akikokotoa ufanisi kwa namba ya cheti bila kurekebisha tarehe, kisha akalaumu kigunduzi.

Vyanzo vyote, pamoja na bismuthi, vikae mahali pamoja kabisa: kishikilio kimoja, sentimita 25 kutoka kwenye kifuniko. Ukaribu unaleta hesabu nyingi lakini unaleta pia kujumlishana, yaani gama mbili za kiini kimoja kuingia pamoja na kusomwa kama moja.

Hatua ya 5: Kusanya, kisha tambua

Anza bila chanzo. Usiku mzima. Utaona keV 1,460.8 ya potasiamu-40 ya kuta, keV 2,614.5 ya thali-208, na jamaa wa radoni: 609.3 na 1,764.5 za bismuthi-214. Hiyo ya mwisho ijue kwa jina, iko keV 6 tu kutoka kwenye 1,770.2 yetu. Tazama pia eneo la keV 70 hadi 90. Kama kuna vilele vya risasi, ngao yako bado haijavaa vizuri, rudi hatua ya 3.

Weka bismuthi. Muda mfu, yaani sehemu ya muda ambayo kifaa kinashughulikia tukio moja na kukosa mengine, usizidi asilimia 5. Kusanya hadi kila kilele unachokihitaji kiwe na hesabu zisizopungua 10,000. Kipeuo cha pili cha 10,000 ni 100, kwa hiyo utakuwa na shaka ya asilimia 1 kutoka kwenye kuhesabu, ambayo ni ndogo kuliko shaka ya ufanisi. Kuhesabu wiki nzima ili kuishusha hadi asilimia 0.1 ni kupoteza naitrojeni.

Sasa swali kuu: eksirei hizi ni za risasi au za bismuthi? Risasi ina keV 72.80 na 74.97. Bismuthi ina keV 74.81 na 77.11. Ona jinsi kilele kikubwa cha risasi na kidogo cha bismuthi vinavyokaribia kugusana pale 75. Tofauti ya keV 0.16 hakuna kigunduzi cha gerimani kitakachoitenganisha. Usitoe hukumu kwa kilele hicho. Tazama pembeni. Ukiona 72.80 ipo na 77.11 haipo, ni risasi, protoni imeshapungua, na unasaji umetokea kabla ya eksirei. Zaidi juu kuna kundi la pili, karibu keV 85 na 87.

Mwisho, tafuta kilele kwenye keV 1,633. Hakuna gama ya nishati hiyo kwenye uozo huu. Ikionekana, ni 1,063.7 na 569.7 zimeingia pamoja, na ukubwa wa kilele hicho unakuambia kujumlishana kumefika wapi. Kwa sentimita 25 kiwe kidogo sana. Kama si kidogo, sogeza chanzo mbali.

Hatua ya 6: Kutoka vilele hadi sehemu ya K

Hapa hatuhitaji kujua nguvu ya chanzo. Tunatumia uwiano, na umbali unajifuta wenyewe. Chukua jumla ya hesabu za vilele vyote vya eksirei za K, kila kimoja kikiwa kimegawanywa kwa ufanisi wake. Gawanya kwa hesabu za keV 569.7, nazo zikiwa zimegawanywa kwa ufanisi wake. Tuseme umepata 0.76.

Gama za 569.7 ni 97.8 kwa kila viini 100, kwa hiyo eksirei ni 0.76 × 97.8 = 74 kwa viini 100. Si kila pengo linatoa eksirei, gawanya kwa 0.963: mapengo 77. Ondoa ya konvesheni: gama ya 1,063.7 huacha mapengo ya K 7.1 na ile ya 569.7 huacha 1.5, jumla 8.6. Yanabaki karibu 68.5, nayo ndiyo mapengo yaliyoachwa na unasaji wenyewe.

Haya 68.5 yametoka wapi? Si kwenye viini 100 vyote. Wale 7 wanaokwenda ngazi ya juu hawana uwezo wa kuchukua K, kwa hiyo gawanya kwa 93. Jibu ni 0.74 hivi: kila unasaji 100 wenye ruhusa ya K, takriban 74 huchukua K.

Mwanafunzi mwenye makini ataleta swali hapa, maana kwa hesabu rahisi ya unasaji wa kawaida angetarajia karibu 0.8. Upungufu ni wa kweli. Bismuthi-207 ina spini (kipimo cha mzunguko wa kiini) 9/2 na pariti (alama ya ulinganifu wake) hasi, ngazi ya keV 1,633 ina 13/2 na pariti chanya. Mruko huo ni wa aina inayoitwa iliyokatazwa, na katazo hilo halimaanishi kwamba haupiti, maana yake ni kwamba unapita kwa taabu na unazipa elektroni za L nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida. Ukipata 0.80 kamili, usifurahi. Chunguza ufanisi wako wa keV 75.

Hatua ya 7: Vigunduzi viwili, malango matatu

Kama una kigunduzi cha pili, hasa kile chembamba chenye dirisha la beriliamu, hapa ndipo bismuthi-207 inapolipa. Weka kigunduzi kikubwa upande mmoja kwa ajili ya gama, kile chembamba upande wa pili kwa ajili ya eksirei, chanzo katikati, sentimita 5 hivi kila upande. Rekodi kila tukio pamoja na wakati wake, usichuje kwanza. Baadaye kwenye kompyuta utauliza: gama fulani ilipoingia huku, ndani ya mikrosekunde moja kuliingia nini kule? Hilo ndilo lango.

Kwa kila lango fanya utoaji wa aina mbili. Moja: fungua lango jingine pembeni ya kilele, ili uondoe mteremko wa Compton (gama zilizoacha sehemu tu ya nishati yao kwenye kigunduzi) uliolala chini yake. Mbili: sogeza dirisha la wakati kwa mikrosekunde 10, uhesabu yanayogongana kwa bahati tu, uyaondoe pia. Anayesahau la pili huona eksirei kila mahali.

Lango la kwanza, 569.7. Kwenye kigunduzi chembamba utaona eksirei za K za risasi, kama mapengo 14 kwa kila gama 100: nusu hivi ni za viini vilivyonasa na kuangukia moja kwa moja ngazi ya keV 570, nusu ni za konvesheni ya 1,063.7. Sawa.

Lango la pili, 1,770.2. Eksirei za K zinakauka. Zinabaki chache, 1.5 kwa 100, ambazo ni za konvesheni ya 569.7 inayofuata. Huu ndio uthibitisho wa duara la kwanza la hatua ya 1: akiba ya keV 57 haiwezi kulipa deni la keV 88. Fanya makadirio kabla ya kuanza. Tuseme kigunduzi kikubwa kinashika gama hizi 7 kwa sekunde na kile chembamba kina ufanisi wa asilimia 3. Kwa siku moja utapata eksirei chini ya 300. Kama ganda K lingekuwa na ruhusa, ungepata zaidi ya 13,000. Hauhitaji takwimu ya kina kuona tofauti hiyo.

Lango la tatu, 1,063.7. Na hapa pia: 1.5 kwa 100, kimya kilekile. Lakini hawa ni wale 84 wanaochukua K kwa wingi kuliko wote! Eksirei zao zimekwenda wapi? Hazikwenda popote, zilitoka mapema. Kiini kilinasa, eksirei ikatoka, kisha kikakaa kwenye ngazi ya keV 1,633 kwa sehemu kubwa ya sekunde nzima kabla ya kutoa gama. Lango lako la mikrosekunde moja lilipofunguka, eksirei ilikuwa imeshaondoka kitambo.

Malango mawili, kimya kimoja, sababu mbili zisizohusiana. Utazitenganishaje? Kwa eksirei za ganda L, zile za keV 10 hadi 15, na hii ndiyo sababu ya kutaka dirisha la beriliamu na chanzo chenye utandu mwembamba. Kwenye lango la 1,770.2 unasaji umetokea sasa hivi na umechukua L, kwa hiyo vilele vya karibu keV 10.5 na 12.6 vitajitokeza wazi. Kwenye lango la 1,063.7 hata hizo hazipo, isipokuwa masalio ya konvesheni. Kimya cha nishati kinaacha L. Kimya cha wakati hakiachi kitu. Weka spektra hizo mbili juu ya karatasi moja, ni picha nzuri kuliko zote utakazotoa kwenye kazi hii.

Hatua ya 8: Nusumaisha, lakini kwa kiini kingine

Usijaribu kupima nusumaisha ya bismuthi-207 kwa kusubiri. Kwa mwaka mzima hupungua kama asilimia 2, na kigunduzi chako kitabadilika zaidi ya hapo. Tumia thali-201, inayotumika hospitalini kupiga picha za moyo. Huoza kwa kunasa elektroni kuwa zebaki-201, nusumaisha saa 73. Ikiwa idara ya tiba ya nyuklia iliyo karibu nawe inaitumia, masalio ya chupa yanatosha, kwa kibali na kwa mkono wa mtaalamu wao wa usalama wa mionzi.

Chupa ikishawekwa, haiguswi tena. Bandika sizi-137 pembeni yake, nayo isiguswe. Kila siku kwa siku 10, kwa saa ileile, hesabu kilele cha keV 167.4 na kile cha keV 661.7, kisha gawanya cha kwanza kwa cha pili. Mabadiliko ya muda mfu na kutikisika kwa meza vinajifuta. Chora logi asilia ya uwiano dhidi ya siku. Mteremko uwe karibu 0.228 kwa siku, na mwishoni ibaki sehemu moja ya kumi.

Kuna watakaoshawishika kutumia eksirei za zebaki, keV 70.8, kwa kuwa ni nyingi mno kuliko gama. Siku tano za kwanza zitawapa jibu zuri. Kisha mstari utaanza kulegea, na kufikia wiki ya pili utakuwa umeinuka waziwazi. Chupa za thali-201 huwa na mchanganyiko mdogo wa thali-202, yenye nusumaisha ya siku 12, ambayo nayo hunasa elektroni na kuwa zebaki. Eksirei ni za elementi, hazijui ni isotopu ipi iliyozitoa. Ukitaka kumwona mgeni huyo kwa jina lake, tazama keV 439.5 kuanzia siku ya kwanza na uandike ukubwa wake kila siku pembeni ya ule wa 167.4.